Dawa Nyeupe Kwenye Sinki

Mama Pacha alikuwa amempa mgongo baba mkwe wake kwa heshima zote, na ndiyo maana hakuona dawa ikimwagwa.

Si kwamba alikuwa mzembe. Kumpa mzee mgongo anapokula au anapokunywa ilikuwa sheria ya nyumbani kwao, ingawa hakuna aliyewahi kuitamka. Tangu mzee ang'olewe meno ya mbele, na yale ya bandia yakakataa kukaa, hakupenda mtu atazame kinywa chake kikifanya kazi. Akiwekewa sahani, mwanawe hutafuta redio ya kurekebisha, wajukuu pacha hukimbilia nje, na mkwewe hugeukia cherehani yake akaanza kushona, hata kama hakuna cha kushona. Mzee hula, hufuta midomo, hukohoa kidogo kuwajulisha kwamba amemaliza, na nyumba nzima hugeuka tena kana kwamba walikuwa kwenye sala.

Sasa walikuwa hospitali, katika chumba cha kusubiria cha idara ya picha, na Mama Pacha alikuwa ameibeba adabu ya nyumbani mpaka huko. Mzee alipokabidhiwa chupa ya dawa na kikombe cha plastiki, yeye alisogeza kiti chake, akauelekea ukuta, akaanza kusoma bango lililowataka wajawazito wajitambulishe kabla ya kuingia kwenye mashine. Alilisoma mpaka akalikariri. Nyuma yake alisikia kikombe kikijazwa, kisha kimya, kisha viatu vya mzee vikiburuzika sakafuni.

"Nanyoosha miguu," mzee alisema.

"Nyoosha, Baba."

Akanyoosha, akarudi. Kikombe kikajazwa tena. Miguu ikanyooshwa tena. Mama Pacha akajisemea moyoni kwamba heri, maana mpiga picha aliwaambia kutembea kidogo kunasaidia dawa ishuke.

Dawa yenyewe ilikuwa nyeupe kama chokaa iliyokorogwa na maji mengi. Mpiga picha, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu waliolala chali, alikuwa ameinyanyua chupa juu ya mwanga akawaeleza.

"Matumbo bila dawa hii ni kamba nyeusi ndani ya gunia jeusi. Mashine inapiga, lakini hatuoni kamba ipi ni ipi. Mzee akinywa yote, polepole, utumbo unajipaka rangi kwa ndani. Hapo tunaona umebanwa wapi, na kama kilichoubana kimeota ndani yake au kimekaa nje na kuuegemea tu. Daktari wa upasuaji anasubiri jibu hilo leo. Bila jibu hashiki kisu."

"Na asiponywa yote?" Mama Pacha aliuliza.

"Tutapiga picha ya gunia."

Mashine ya CT ilikuwa moja, na watu wake hawaishi. Aliyeharibu nafasi yake alirudishwa mkiani mwa foleni, na mzee hakuwa na mwili wa kukaa tena kwenye foleni. Hilo Mama Pacha alilijua kuliko daktari yeyote, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akipunguza viuno vya suruali zake. Alizipunguza, akazipunguza tena, mpaka mifuko ya nyuma ikakaribia kukutana kama majirani wasiopendana. Suruali ya mtu mzima ikifika hapo, fundi hahitaji kuambiwa.

Mzee naye alikuwa fundi, ila wa mabomba. Mtaani walimwita Fundi Koki. Maisha yake ya kazi yalipita akiwa amelala chini ya masinki ya watu, tochi mdomoni, na alikuwa amezibua vyoo vya matajiri na vya hohehahe bila kubagua. Alikuwa na mzaha wake wa siku zote: "Mimi siri za watu nimezishika kwa mkono." Uchafu wa wengine haukuwahi kumtia haya.

Wake ndio uliomshinda. Siku chache kabla ya kuja hospitali, zahanati ilimpa dawa ya maji ya kulegeza tumbo, na tumbo likalegea kabla hajafika mlango wa choo. Mama Pacha aliikuta suruali nyuma ya bafu, ndani ya ndoo, imefunikwa na gunia. Akaifua kabla watoto hawajaamka, akaianika ndani badala ya kamba ya nje, akaipiga pasi, akaiweka kitandani kwa mzee kama suruali yoyote. Hawakusemezana. Lakini tangu siku hiyo mzee alimjibu salamu akiangalia miguu yake mwenyewe.

Na walipofika hapa chumbani, jambo la kwanza mzee alilolikagua lilikuwa choo cha wagonjwa. Mlango wake ulitazamana na viti, komeo limeng'oka, na kila aliyekuwa ndani alilazimika kuushikilia kwa mkono huku wenzake wote wakimsikia. Mzee aliingia, akavuta mpini wa tangi, akatoka.

"Hakivuti maji," alisema, akaketi.

Mama Pacha alidhani ni ufundi unaongea. Hakufikiri zaidi ya hapo.

Mzee akakohoa kile kikohozi chake cha kumaliza. Mama Pacha akageuka. Chupa ilikuwa tupu, kikombe kimefunikwa juu ya shingo yake vizuri kabisa, na moyo wake ukatua. Alikuwa amejiandaa kubembeleza, kutafuta maneno, kutia chumvi kidogo.

"Hongera, Baba. Ilikuwaje?"

"Dawa ni dawa."

"Haikukuchafua roho?"

"Mwanangu, mimi nimekunywa uji wa marehemu mama mkwe wako miaka yote ya ndoa. Roho yangu haichafuki ovyo."

Mwanamke aliyekaa kiti cha mbele, mwenye ushungi wa njano na chupa yake mwenyewe mapajani, akaangua kicheko. "Mzee, marehemu asikusikie!"

"Ananisikia. Ndiyo maana nasema polepole."

Wakacheka, hata jamaa mnene wa pembeni aliyekuwa akikitazama kikombe chake kama mtu anayetazama deni. Mama Pacha naye akacheka, akainuka kwenda kunawa mikono kwenye sinki la pembeni.

Sinki lilikuwa limeziba. Ndani yake dawa ilikuwa imetuama, nyeupe, imetulia, na kiputo kimoja kilikuwa kikipanda tunduni bila haraka.

Alisimama pale, mikono mitupu hewani. Fundi Koki, mtu aliyeingia nyumba ya mtu na kabla ya salamu akafungua bomba kusikiliza maji yanavyoshuka, hakuangalia kama sinki linapitisha. Kikombe baada ya kikombe, akimimina huku akichungulia nyuma, hakuangalia. Haya ilikuwa imempokonya hata ufundi wake.

Mama Pacha hakufikiri. Mwili wake ulisogea wenyewe ukalikinga sinki watu wasione. Akafungua koki maji yaupunguze ule weupe. Maji yakapanda badala ya kushuka, yakakaribia ukingo. Akaifunga upesi. Akajikuta anafuta ukingo kwa kitambaa chake, kama anayemfichia mwizi alama.

Alirudi akainama kwenye sikio la mzee.

"Baba, tuombe nyingine?"

"Nyingine ya nini? Nimekunywa."

"Sinki, Baba."

"Sinki la hospitali hilo. Watu wanamwaga mengi."

Kisha mzee akainua macho, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ile suruali. Macho yalikuwa yakimwamuru, na papo hapo yalikuwa yakimwomba. Mama Pacha akaketi. Hapo ndipo palipomuuma baadaye kuliko pote: aliketi. Kwa kitambo kizima alikaa pembeni ya mgonjwa wake, mikono mapajani, mkwe mwema mwenye adabu zake, akaiacha kazi ya siku nzima ikitiririka kwenda kupotea.

Mlango wa mashine ukafunguliwa. Mpiga picha akatoa kichwa.

"Mzee wangu! Umemaliza dawa?"

"Nimemaliza."

"Yote?"

"Chupa hiyo hapo."

"Shujaa. Karibu ndani."

Mzee akasimama. Suruali ikashuka kidogo kiunoni, akaipandisha kwa kiwiko, akapiga hatua kuelekea mlango akiwa amenyooka kama mtu anayekwenda kupokea tuzo. Mama Pacha akauona mgongo ule, na mfupa wa bega ulivyochongoka ndani ya shati, na kitu ndani yake kikakatika.

"Hajanywa!"

Sauti ilitoka kubwa. Ilitoka ile ya kuwaita pacha kutoka upande wa pili wa barabara.

"Amemwaga. Iko kwenye sinki pale, nendeni mkaone. Anaogopa kujiharibia hapa mbele ya watu, kwa sababu juzi alijiharibia nyumbani, na nguo nilizifua mimi!"

Feni ya ukutani ikasikika inavyogugumia. Dada wa mapokezi aliacha kuandika. Jamaa mnene akakitazama kikombe chake kwa bidii mpya. Mzee hakugeuka. Alibaki amesimama, mkono mmoja kiunoni umeshika suruali, na shingo yake kwa nyuma ikaanza kupauka kidogo kidogo.

Mama Pacha alitamani ardhi impasukie. Nusu ya kwanza ilitosha. *Hajanywa, amemwaga*, basi. Mpiga picha angeelewa, mambo yangekwisha. Nani alimtuma kufika kwenye nguo? Ile suruali aliyoianika ndani ili hata kamba isijue, aliitoa mwenyewe akaining'iniza katikati ya chumba. Na alijua, akiwa bado na mdomo wazi, kwamba haikutoka kwa huruma peke yake. Kulikuwa na uchovu ndani yake, na usingizi uliokatika, na hasira ya kujibiwa salamu kwa macho ya chini. Alikuwa amemvua nguo baba wa watu, na sehemu yake moja ilikuwa imefurahia kuzivuta.

Mpiga picha hakucheka. Alitoka, akaufunga mlango nyuma yake, akachutama mbele ya mzee kama mtu anayemfunga mtoto kamba za viatu, ili mzee asilazimike kuinua uso.

"Mzee wangu," alisema kwa sauti ya chini, "choo kile nacho ni aibu yetu, si yako. Mimi mwenyewe siingii mle. Nitakupa ufunguo wa choo cha wafanyakazi. Kiko ndani, kinafungwa, kinavuta maji. Utakaa na ufunguo mkononi mpaka uondoke."

Mzee aliendelea kuishika suruali.

"Dawa hii wengi haiwakimbizi mara moja. Wengine wanapata gesi, wengine wanalegea baadaye. Siwezi kukuapia. Lakini nilikosea kukupa ya joto la chumba na kikombe, kama najaza ndoo. Nitakuletea ya baridi, nitaitia ladha ya chungwa, na utaivuta kwa mrija, unaupeleka mpaka nyuma ya ulimi. Meza kidogo, pumzika. Roho ikikuchafuka, unanyamaza tu na kupumua kwa pua mpaka ipite. Na kuna kitanda mle, utalala ubavu wa kulia kidogo."

"Na nikijiharibia kwenye mashine?" Ilikuwa sauti ndogo mno. Mama Pacha hakuwahi kuisikia.

"Mashine inafutika kwa kitambaa. Hutakuwa wa kwanza wiki hii."

Mama wa ushungi wa njano akajisogeza kwenye kiti. "Babu, nikwambie? Mimi nimevaa pampasi tangu nyumbani. Kubwa hiyo, naketi kama nimekalia mto. Unaniona nina raha unadhani ni uzuri wa kiti?"

Jamaa mnene akapaliwa na dawa yake. "Dada, ungesema mapema! Mimi nimejikaza kisabuni tangu asubuhi, hata kupiga chafya naogopa!"

"Ndiyo maana umekaa umejifunga kama bahasha?"

"Sasa nifanyeje?"

Wakacheka wawili, kisha dada wa mapokezi, kisha watu wa nyuma. Kilikuwa kicheko chenye nia njema. Mzee hakucheka. Aliketi mahali pake, akaweka mikono juu ya magoti, akautazama ukuta uleule ambao mkwewe alikuwa akiusoma.

Chupa ya pili ililetwa, imetoka jasho kwa baridi, na mrija ndani. Rangi yake sasa ilikuwa ya machungwa hafifu. Mpiga picha akamwekea mzee ufunguo kiganjani, akamfungia vidole juu yake, akarudi kazini.

"Geuka," mzee alisema.

Mama Pacha alitikisa kichwa.

"Nimesema geuka."

"Sigeuki, Baba. Nimegeuka ya kutosha."

Mzee alimkodolea macho. Hakuna mtu chini ya paa lake aliyewahi kumjibu hivyo, hata mwanawe. Kisha akachukua mrija, akaufunga kwa midomo isiyo na meno nyuma yake, akavuta. Shavu likaingia ndani kama la mtoto. Rangi ikapanda kwenye mrija, ikapotea. Koo likapanda, likashuka. Alifumba macho kila alipomeza, kwa sababu hilo ndilo pazia pekee lililobaki, na Mama Pacha alikaa akimtazama huku machozi yamemkaa puani akayakatalia njia. Hakuna kitu kilichokuwa kibaya katika kinywa kile. Miaka yote ile walikuwa wamegeuka kwa ajili ya mdomo wa mzee wa kawaida unaomeza.

Katikati ya chupa aliinua mkono. Roho ilikuwa imechafuka. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Kwa pua, Baba. Usimeze. Kwa pua tu."

Akapumua kwa pua. Ikapita. Akaendelea.

Alipomaliza hakukohoa. Aliiweka chupa sakafuni, akainuka na ufunguo wake, akaingia ndani kwa mpiga picha bila kumtupia mkwewe jicho.

Walikaa humo sana. Mashine ilivuma, ikanyamaza, ikavuma tena. Mama wa ushungi wa njano, ambaye zamu yake ilikuwa inafuata, alimgusa Mama Pacha begani. "Umemwokoa," alisema. Mama Pacha alitaka kumwambia asiseme hivyo, kwamba mwokozi hapigi kelele za sokoni, lakini mlango wa mashine ulikuwa unafunguliwa.

Mzee alitoka akiwa amevaa suruali ya hospitali, ya kijani, fupi. Mkononi alishika mfuko wa plastiki uliofungwa fundo kali. Mama Pacha akauona mfuko, akajua. Mpiga picha alikuja nyuma yake, akazungumza kana kwamba hakuna mfuko duniani.

"Picha zimetoka safi kabisa. Utumbo wote umeonekana mpaka mwisho. Mpite kwa daktari, anazifungua sasa hivi."

Mama Pacha akanyoosha mkono apokee mfuko. Mzee akauhamishia upande wa pili.

Daktari aliwaonyesha kwenye kioo utumbo ukiwa mweupe, unajizungusha, halafu unakuwa mwembamba mahali pamoja kama soksi iliyobanwa na mpira. Kilichoubana kilikuwa nje. Kimeegemea, hakijaingia. Kingeweza kutolewa, na angemlaza mzee Jumatatu. Mzee aliuliza swali moja tu, kama hilo bomba litaunganishwa tena au litakatwa na kuachwa na mfuko wa choo tumboni. Daktari akasema huenda likahitaji mfuko kwa muda, mpaka lipone. Mzee akaitikia kwa kichwa kama fundi mwenzake. Njia nzima ya kurudi alikaa amegeukia dirisha la gari, mfuko umebanwa kati ya miguu.

Nyumbani aliingia chumbani kwake, akafunga mlango. Kupitia ukuta Mama Pacha alimsikia akiongea na simu, sauti ikipanda na kushuka. Hakusikiliza. Alikata kitambaa ambacho hakikuhitaji kukatwa, akakiharibu. Pacha waliporudi shule aliwapeleka kwa jirani, akawaambia babu anapumzika.

Simu yake ikalia. Alikuwa mume wake, dereva wa lori, yuko mbali, injini inaguruma nyuma ya sauti yake.

"Mama Pacha. Baba kaniambia Jumatatu."

"Ndiyo. Picha zilitoka vizuri. Kiko nje ya utumbo."

"Mungu mkubwa. Mungu mkubwa sana." Injini ikapunguza kelele. "Na mengine kaniambia."

"Najua."

"Mke wangu, kweli ulisema yale? Mbele ya kadamnasi? Nguo na kila kitu?"

"Nilisema."

"Kwa nini hukumwita mpiga picha pembeni?"

Pembeni kulikuwepo. Kulikuwa na ukumbi mzima wa kunong'onea, na mpiga picha alikuwa mtu wa kusikia. Alitazama mikono yake juu ya meza ya cherehani, ikamwonea haya.

"Sikumwita," alisema.

"Basi sikiliza. Mzee hali. Anasema hatakula mkononi mwako mpaka umwombe radhi. Na anasema asipoombwa radhi, Jumatatu haendi. Nimembembeleza, nimeshindwa, unamjua. Wewe mwombe tu. Piga goti, sema neno moja, yaishe. Neno tu, mama. Halikupunguzii kitu."

"Umemaliza?"

"Usinijibu hivyo. Nakuomba."

"Nimekusikia, Baba Pacha. Endesha gari salama."

Alikata simu, na alipogeuka mzee alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake. Alikuwa bado na ile suruali ya kijani. Mkono mmoja ulishika fremu ya mlango, na kwenye mwanga wa dirisha alionekana alivyo, mtu wa mifupa na heshima.

"Mwanangu kakwambia?"

"Kaniambia, Baba."

"Mimi sikuwahi kukuinulia sauti katika nyumba hii."

"Hukuwahi."

"Sikuwahi kukuita jina baya. Ulipojifungua, mimi ndiye niliyebeba maji."

"Ulibeba, Baba. Sijasahau."

"Sasa wewe ukanifanya nini? Wale watu watanikumbuka kwa kitu gani? Fundi mzima, mwenye wajukuu." Akaipandisha ile suruali ya kijani. "Nasubiri. Jumatatu iko mkononi mwako."

Mama Pacha alisimama. Goti lake lilijua njia. Lilikuwa limekunjwa kwenye sakafu ile mbele ya mzee huyu mara nyingi, kwa salamu, kwa sahani, kwa kupokea. Alihisi likianza. Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, limelainishwa na mumewe. Angelitoa, mzee angekula, na kesho yake kila mtu angerudi kwenye ukuta wake. Halafu Jumatatu ingekuja, na kidonda, na ule mfuko wa tumboni, na mzee angeuficha nyuma ya bafu chini ya gunia mpaka uoze naye.

Alilinyoosha goti.

"Baba, haya ninayo. Imenijaa mpaka hapa. Ningeweza kunong'ona na sikunong'ona, na lile la nguo halikuwa na kazi yoyote pale. Nitakaa na haya hiyo, ni yangu, sikuombi unipunguzie."

"Basi omba radhi."

"Siombi."

"Unasema?"

"Nasema siombi, Baba. Nikiomba, nitakuwa nimekubali kwamba ni heri ungeingia kwenye ile mashine na tumbo tupu, ukafa na heshima zako. Sikubali. Jumatatu utakwenda. Ukikataa kutembea, nitaita majirani wakubebe, na wakiuliza kwa nini, nitawaambia, tena kwa sauti. Ukirudi, mfuko wa tumboni nitaubadilisha mimi, macho wazi, na wewe utanitazama usoni. Ukitaka kunisema kwa mwanao, niseme. Kwa ukoo mzima, niseme. Radhi siombi leo, na hata ukipona siombi."